"Ulimzaa wewe mwenyewe?": kisa cha filamu ya amri ya nane na mama mmoja mkimbizi jijini Kampala

Kisa hiki kilitokea katika kikundi cha watazamaji wa filamu ninachokiongoza jijini Kampala. Nimeficha mtaa, kanisa, mwaka na nchi ambayo familia hii ilitarajia kwenda, na umri wa watoto nimeubadilisha kidogo. Mama mhusika na binti yake nimewasomea maandishi haya yote. Kuna mambo mawili waliyoniomba niyaondoe, nimeyaondoa. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotumia filamu kuzungumza na watu juu ya imani na maadili: makatekista, walimu, viongozi wa vijana. Baadhi ya niliyoyafanya siku ile sitaki mtu mwingine ayarudie.

Kikundi na filamu zenyewe

Tunakutana Jumapili alasiri katika ukumbi ulioezekwa mabati. Wengi wetu ni Wakongo waliokimbia vita vya mashariki. Wamo Warundi wachache, na Mganda mmoja, askari mstaafu, ambaye Kiswahili chake alikipata jeshini. Kuna Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu watatu. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi wao kwenye makazi kama Nakivale na Kyangwali. Wanaoamua kuishi Kampala hujitafutia wenyewe chakula na kodi. Kwa hiyo mtu anayekuja kutazama filamu kwetu anakuwa ameacha biashara yake barabarani kwa saa mbili, na hilo silichukulii kuwa jambo dogo.

Mwaka ule tulikuwa tunatazama Dekalog, mfululizo wa filamu kumi, kila moja ikigusa mojawapo ya Amri Kumi za Mungu, ambazo Krzysztof Kieślowski alizitengenezea televisheni ya Poland mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliziandika pamoja na mwanasheria, Krzysztof Piesiewicz. Kila filamu ina urefu wa karibu saa moja, na zote zinawahusu watu wanaoishi katika majengo yale yale ya ghorofa mjini Warsaw. Mwaka 1995 Vatikani iliuweka mfululizo huu katika orodha yake ya filamu bora. Nilizichagua kwa sababu amri haitangazwi. Kichwa cha kila filamu ni namba tu, na anayetazama anaachiwa kazi ya kutafuta amri imejificha wapi ndani ya maisha ya mtu anayechemsha chai, anayemtunza mgonjwa, anayesubiri lifti.

Kutafsiri utamaduni kulitaka uvumilivu. Katika filamu ya kwanza baba msomi anapiga hesabu kwa kompyuta kujua kama barafu ya ziwani itambeba mwanawe. Hesabu inasema itambeba, lakini barafu inapasuka na mtoto anazama. Dakika ishirini zilikwenda tukieleza jinsi ziwa linavyoganda hadi watu wakatembea juu yake. Kifo cha majini, kwa upande mwingine, hakikuhitaji maelezo: mmoja wetu alivuka Ziwa Albert kwa mtumbwi usiku. Filamu ya tano, ya kijana muuaji ambaye dola nayo inamnyonga, tulizungumza mpaka giza likaingia. Yule askari mstaafu alitueleza hukumu ya Mahakama ya Juu ya Uganda ya mwaka 2009 katika kesi ya Susan Kigula, iliyofuta ulazima wa jaji kutoa adhabu ya kifo. Wengi hawakuwahi kuisikia.

Yupo pia kijana asiyesema neno, anayetokea karibu katika kila filamu na kuwaangalia wahusika. Nusu ya kikundi walimwita malaika. Nusu nyingine walimwita mpelelezi. Watu waliokimbia vita hawamwamini haraka mtu anayekaa kimya akikutazama.

Filamu ni za Kipolandi zenye maandishi ya Kiingereza chini, hivyo tulihitaji mfasiri. Nilimpata kijana anayefanya kazi ya VJ katika kibanda cha video. Kwa msomaji asiyeishi Uganda: VJ hukaa na maikrofoni kando ya skrini akatafsiri filamu papo hapo, akachekesha, akawasifu wahusika na kuwakemea. Ni kipaji kikubwa, na watu wetu wamezoea kuiona filamu kwa sauti yake.

Mama Z.

Mama huyu anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama ilivyo desturi. Hapa nitamwita Mama Z., na binti nitamwita Z. Wakati huo Z. alikuwa na miaka kumi na mitano, na chini yake kulikuwa na wadogo zake wawili.

Kanisani hapakuwa na aliyejua kwamba Z. ni mtoto wa marehemu dada yake Mama Z. Dada aliuawa kijijini, na Mama Z. akakimbia na mtoto mgongoni akiwa bado hajaolewa. Z. hakuambiwa. Jina ambalo mtaa mzima ulimwita mama huyu lilikuwa tayari ni ushahidi, na hakuna aliyeuhoji.

Familia ilikuwa katika mchakato wa kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani nchi isiyo ya kwao wala Uganda. Katika mahojiano ya kwanza mkalimani aliuliza kwa Kiswahili, "Huyu ni mtoto wako?" Akajibu, "Ndiyo, mtoto wangu." Hapo hakusema uongo. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na yeye anakuita mama, ukitaka sana mama mdogo. Miezi kadhaa baadaye, katika mahojiano ya pili, swali lilikuja kwa sura nyingine: "Ulimzaa wewe mwenyewe?" Akajibu ndiyo. Majirani walikuwa wamemwambia kwamba mtoto usiyemzaa anaachwa Uganda.

Mahojiano ya tatu yalikuwa yamekaribia tulipofika filamu ya nane.

Jumapili ile

Tulianza kwa mkanganyiko. Mchungaji mmoja alikuja amejiandaa kuzungumza juu ya wizi, Biblia yake ikiwa na karatasi kwenye Kutoka 20:15. Kwa hesabu ya Waprotestanti wengi amri ya nane ni usiibe. Wakatoliki wanahesabu tofauti, na ya nane kwao ni "Usimshuhudie jirani yako uongo." Kieślowski anafuata hesabu ya Kikatoliki. Tukacheka pamoja, tukaendelea.

Katika filamu hii Zofia ni profesa wa maadili katika chuo kikuu. Darasani kwake anafika mgeni kutoka Marekani, Elżbieta, mfasiri wa vitabu vyake. Elżbieta anasimulia kisa mbele ya wanafunzi: mwaka 1943, chini ya utawala wa Wanazi, mtoto wa Kiyahudi wa miaka sita alipelekwa kwenye nyumba ya mume na mke Wakatoliki. Kulikuwa na familia tayari kumficha, ila ilitaka cheti cha ubatizo. Wale wawili walikuwa wamekubali kuwa wazazi wa ubatizo. Dakika ya mwisho wakakataa, wakisema hawawezi kushuhudia uongo mbele ya Mungu wanayemwamini. Mtoto akarudishwa nje, kwenye baridi. Mtoto huyo ndiye Elżbieta. Mwanamke aliyekataa ndiye Zofia.

Elżbieta anaposimulia, kamera inabaki juu ya uso wa Zofia, na Zofia hasemi kitu. Ni mojawapo ya nyuso nzito nilizowahi kuziona kwenye skrini. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, VJ wetu akainua sauti na kuujaza ukimya ule: "Hapo mwalimu ameshikwa! Uongo wake wa siku nyingi leo umetoka nje!" Ukumbi ukaitikia "Eeeh!" kama kibandani.

Tafsiri ile ilikuwa potofu. Zofia hakusema uongo. Kosa lake ni kwamba alikataa kuusema. Sikumkatiza VJ. Nilifikiri nitasahihisha wakati wa mazungumzo.

Baadaye usiku Zofia anamweleza Elżbieta sababu ya kweli. Walikuwa wameletewa habari kwamba ile familia ya kumficha mtoto inashirikiana na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na kumpeleka kule kungeangamiza mtandao mzima wa siri wa waliowapinga Wanazi. Amri ya Mungu ilikuwa pazia tu. Na habari zenyewe zikaja kuonekana si za kweli. Mwishoni Elżbieta anakwenda kwa fundi cherehani aliyekuwa tayari kumhifadhi. Mzee anakataa kabisa kuzungumza juu ya vita. Anabaki dirishani akiwatazama wale wanawake wawili barabarani.

Nikafungua mazungumzo. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, kama cheti kingeandikwa, mtoto angepona. Basi ule uongo ni mtakatifu." Mchungaji akamjibu kwamba hakuna uongo mtakatifu. Mama mwingine akakumbusha Shifra na Pua, wakunga wa Misri waliomdanganya Farao, na Biblia inasema Mungu akawatendea mema. Mmoja wa Waislamu akamtaja Ammar bin Yasir, aliyelazimishwa kutamka ukafiri huku moyo wake ukiwa na imani, na aya ya 106 ya sura ya An-Nahl. Nilifurahi sana. Nilisimama nikijiambia kwamba hivi ndivyo nilivyotaka.

Ndipo Mama Z. akasimama. Alikuwa ameshika kavera, mfuko wa plastiki, ambayo ndani yake huweka karatasi ya familia, ile yenye picha zao wote. Hatembei bila hiyo.

"Miye pia nimeshikwa," akasema. "Z. sikumzaa. Niliwaambia nimemzaa."

Maamuzi yangu, na sababu zake

Nilimwacha aendelee. Uamuzi huu najuta kuliko mingine. Alizungumza dakika sita au saba mbele ya watu ishirini na watatu. Ningeweza kusema, "Mama, asante, tukae mimi na wewe baadaye." Sikusema, kwa sababu mbili. Ya kwanza, niliogopa kumnyamazisha mtu aliyekaa kimya miaka kumi na minne. Ya pili ni ngumu kuikiri: kilichokuwa kinatokea kilifanana mno na filamu, nami nikavutwa na ule ufanano. Nilimtazama kama mhusika.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwaomba watu wasipeleke habari nje. Niliomba baada ya habari kusemwa, na wengine walikuwa wameshatoka kuwahi boda kabla mvua haijarudi.

Uamuzi wa tatu niliufanya Jumatatu asubuhi. Nilikwenda kwake nikamwambia aende akarekebishe maelezo yake kabla ya mahojiano ya tatu. Niliamini, na bado naamini, kwamba uongo wa namna ile ungeendelea kuwakaba popote watakapokwenda, na kwamba wakiugundua wenyewe wanaohoji, faili lote lingeweza kufungwa. Ila nilizungumza naye juu ya faili, kiapo na amri kwa saa nzima, na sikuuliza habari za binti hata mara moja.

Jumatano Z. aliambiwa bombani. Alikuwa kwenye foleni ya maji na msichana wa jirani akamuuliza kama ni kweli mama yake si mama yake. Aliacha madumu palepale.

Alhamisi tulifika kwa wakili wa msaada wa kisheria. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kisa kwa mpangilio mzuri. Wakili alisikiliza kidogo, akauliza swali lake la kwanza: "Mtoto mwenyewe anajua?"

Yaliyofuata

Wakili alitueleza jambo ambalo lingezuia mengi kama tungelijua mapema. Mtoto wa ndugu anayelelewa katika familia si lazima aachwe. Hufanyika tathmini ya maslahi ya mtoto, anahojiwa peke yake, mahusiano yanathibitishwa, na anaweza kuendelea pamoja na familia inayomlea. Mama Z. alidanganya kuondoa hatari ambayo majirani ndio walioiumba kwa maneno. Aliposikia hivyo hakulia. Aliomba aelezwe tena, polepole.

Aliandika maelezo ya kurekebisha, akaeleza pia kwa nini alijibu alivyojibu. Faili lilisimamishwa na kurudishwa kwenye hatua ya kuchunguza familia. Afisa wa ustawi wa watoto alizungumza na Z. mara mbili. Miezi minane imepita, hawajaitwa tena, na hawajakataliwa.

Z. alihama nyumbani siku kumi na moja, akakaa kwa mama wa rafiki yake. Aliporudi alimwita mama yake "mama mdogo", kwa sauti ya mtu anayesoma neno kwenye karatasi. Hilo liliendelea wiki tatu. Mama Z. aliitikia kila mara.

Kikundi kilipungua. Watu saba hawajarudi, na mmoja wao aliniambia wazi kwamba anaogopa ukumbi wetu: yeye pia ana faili.

Uchambuzi

Filamu yenyewe ilifanya kazi yake, na nataka hilo lieleweke kabla sijalaumu chochote. Ningesimama mbele ya kikundi hiki nikahubiri juu ya kushuhudia uongo, wakimbizi wenye mafaili wangeitikia amina na kwenda nyumbani. Simulizi ya watu wa Warsaw iliwaruhusu kuzungumza juu ya vyeti, vibali na mahojiano bila mtu kuulizwa lolote kuhusu chake. Umbali ule ni kinga. Kijana aliyeutetea uongo wa cheti, mchungaji aliyeupinga, mama aliyewataja wakunga, wote walikuwa wanasema ya kwao kwa kumzungumzia Zofia. Kazi yangu ilikuwa kuulinda umbali huo. Mama Z. alipouvuka ningemrudisha nyuma ya mstari kwa upole, na mlango wa faragha ningeuacha wazi.

Mfasiri ni jambo la pili. Sina neno baya kwa yule kijana. Alifanya vizuri kazi aliyozoea, na mimi ndiye niliyemwita bila kumwonyesha filamu mapema. Filamu za kivita anazozitafsiri zinapenda sauti yake. Hizi za Kieślowski zimejengwa juu ya ukimya, na katika ukimya ule kila mtazamaji anafanya uamuzi wake. Sauti ikiingia pale na neno "ameshikwa", hukumu imeshatolewa. Mama Z. aliniambia baadaye kwamba ni sentensi ile iliyomwinua, na ndiyo maana alitumia neno lile lile. Alisikia hukumu ya Zofia akaipokea kama yake, ingawa matendo yao yalipingana kabisa: mmoja alikataa kuandika uongo na mtoto akarudishwa nje, mwingine aliusema ili mtoto asiachwe nje. Sasa tunatafsiri kwa maandishi niliyoyaandaa, na VJ anayasoma. Panapokuwa kimya, anazima maikrofoni.

Tatu ni lugha, na hapa ndipo ningependa wenzangu wakae kidogo. Amri inasema usimshuhudie jirani yako uongo. Siku ile mjadala wote uliliangukia neno "uongo", na nililisukuma mimi. Lakini katika kisa cha Mama Z. uongo ulizaliwa mahali ambapo Kiswahili na fomu havikubaliani. "Mtoto wangu" ni kweli kwetu. Fomu ilitaka mtoto wa tumboni. Kati ya swali la kwanza na la pili alivuka kutoka kweli yake hadi uongo kwa kubaki na jibu lile lile, "ndiyo". Ningeanza mazungumzo kwa kuuliza kikundi, "Mtoto wako ni nani?", tungefika mbali zaidi, na bila mtu kujianika.

Nne: katika filamu na katika kisa chetu, uamuzi mzito ulisimama juu ya uvumi. Zofia alikataa kwa habari za Gestapo zisizo za kweli. Mama Z. alikubali kwa habari za majirani zisizo za kweli. Tulibishana saa nzima kama uongo unaweza kuwa mtakatifu, na hakuna aliyeuliza, mimi nikiwa wa kwanza, "Habari zile walizipata wapi? Nani alithibitisha?" Hilo lilikuwa swali la kimaadili lenye msaada kuliko yote. Tangu hapo, panapokuwa na filamu inayogusa sheria au karatasi, namwomba wakili awepo ukumbini, si kwa hotuba, bali watu wamjue uso.

Kosa la mwisho ni la kumsahau mtoto. Filamu ile imesimama juu ya mtoto aliyerudi akiwa mtu mzima kuuliza kwa nini alitolewa nje. Katika darasa la Zofia, kabla Elżbieta hajasimulia chake, mwanafunzi anasimulia kisa kingine kinachohusu mimba, na Zofia anasema lililo muhimu ni kwamba mtoto yu hai. Nilikuwa nimeliona na kulisikia mwenyewe. Kisha Jumatatu nikazungumza saa nzima na mama juu ya karatasi, na mtoto akaenda bombani.

Mwezi wa tano baada ya yale, Z. alinijia mwenyewe akaomba kuiona filamu. Nilimuuliza kama anataka mama yake awepo. Akasema ndiyo. Tuliitazama watatu kwenye kompyuta yangu ndogo, bila VJ. Maandishi niliyasoma kwa sauti ya chini, na palipokuwa kimya nikanyamaza.

Fundi cherehani alipotokea dirishani, Z. akauliza, "Ule mzee anamkumbuka?"

Sikujibu. Mama Z. akasema, "Anamkumbuka sana."

Z. alikaa mpaka majina ya wasanii yakaisha. Halafu akageuka. "Siku ile uliponibeba, nilikuwa nimevaa nini?"

"Kigauni cha manjano. Kilikuwa kikubwa, tulikikunja mikono."

"Nani alikikunja?"

Nilifunga kompyuta, nikatoka nje nikawaacha.